Hata Mimi Ningeweza!

Ndugu msomaji, nataka kukusimulia ugomvi. Si ugomvi wa mapenzi wala wa deni, ingawa nusura uvunje urafiki wa miaka kumi na miwili. Ulikuwa ugomvi wa soseji. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele mambo yenyewe si ya kuchekesha.

Nina rafiki ambaye nitamwita Jamaa, kwa kuwa hataki jina lake litajwe. Tulimaliza kidato cha nne pamoja hapa Mombasa. Mimi nikabaki na madaftari yangu nikingoja kuwa mwandishi. Yeye hakungoja kitu. Alinunua mashine ya mkono ya kusagia nyama, akaanza kutengeneza soseji jikoni kwa mamake na kuziuza jioni kando ya barabara, hapo penye viazi karai na mishikaki. Nyama aliisaga mwenyewe, viungo akavitia mwenyewe, na utumbo wa kondoo akauosha na kuukwangua mpaka ukawa mwembamba kama karatasi ya sigara. Soseji zilikuwa tamu, lakini zilikuwa na aibu moja: zilikuwa nyeupe, kama vidole vya mtu aliyekaa sana majini. Mteja wa mjini amezoea soseji nyekundu. Akiziona za Jamaa anauliza, "Hizi zimeiva kweli?"

Rangi ya unga ya dukani ilikuwapo, tena rahisi. Lakini Januari 2025 Marekani ilitangaza kuondoa idhini ya rangi nyekundu nambari 3 katika vyakula, kwa sababu ya majaribio ya zamani yaliyoonyesha kuwa panya walipata saratani kwayo. Habari hiyo ilifika hata jikoni kwa mamake Jamaa, naye akasema rangi ya unga haiingii nyumbani kwake. Basi.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Bibi yangu anakaa Kwale, na nyuma ya nyumba yake pana miti ya mzingefuri. Wakulima wa huko huuita biksa, na mbegu zake nyekundu huuzwa zikatolewe rangi ya chakula. Jibini nyingi za Uingereza zenye rangi ya chungwa zimepata rangi yake humo. Nikamletea Jamaa mfuko wa mbegu. Akazikaanga kwa mafuta. Mafuta yakawa mazuri, mekundu, lakini ngozi ya soseji ikakataa kushika kitu. Nikakumbuka kuwa bibi akipaka rangi miyaa ya kusukia mikeka, huchemsha mbegu zile katika maji ya magadi. Nikamwambia Jamaa. Akajaribu. Ngozi ikashika. Lakini soseji zilipotiwa katika maji ya moto, rangi yote ikatoka, sufuria ikawa kama ya chai ya rangi, na soseji zikarudi weupe wao ule ule.

Wiki tatu nzima alihangaika. Akajaribu chumvi. Akajaribu sukari. Akajaribu kuzikausha juani, rangi ikapauka. Usiku mmoja, sijui ni kwa hasira au kwa akili, akachukua ngozi iliyotoka kwenye magadi akaitumbukiza katika maji ya ndimu. Rangi ikatulia, ikageuka kidogo kuelekea wekundu. Akachemsha. Haikutoka. Alinipigia simu saa saba usiku kunieleza, nami nikamwambia alale.

Nimesoma baadaye kwa nini. Rangi ya mbegu zile kwa asili yake hupenda mafuta. Magadi huibadilisha ikakubali maji. Ukali wa ndimu huifukuza tena majini, ikaganda pale pale ilipokwisha kuingia. Sasa naona ni jambo la wazi kabisa. Na neno hilo, "wazi kabisa", ndilo lililoleta ugomvi.

Miezi miwili haikupita. Mtu mmoja mwenye kiwanda kidogo cha soseji alikuja kibandani, akala, akasifu, akauliza. Jamaa kwa furaha akamweleza yote, magadi na ndimu. Kisha soseji za yule bwana nazo zikawa nyekundu, zikaandikwa kwamba zina rangi ya asili. Jamaa alipokwenda kumuuliza, aliambiwa, "Magadi na ndimu? Hivyo ni vitu vya jikoni, kijana. Hata mtoto angejua."

Jioni ile Jamaa alitusimulia barazani, macho mekundu. Wenzetu wakampa pole. Nami, kwa mdomo wangu mrefu, nikasema, "Lakini tuseme kweli bwana, hata bibi yangu alijua."

Aliniangalia. Akavaa viatu vyake akaondoka. Tulikaa siku kumi na sita bila kusemeshana.

Katika siku hizo kumi na sita nilijiuliza swali ambalo sasa nakuuliza na wewe. Jambo likiwa rahisi kulielewa, je, lilikuwa rahisi kulivumbua? Na yule anayesema "hata mimi ningeweza", ana haki gani ya kusema hivyo baada ya kuonyeshwa?

Sisi watu wa pwani tuna mahakama ya zamani ya swali hili, nayo ni kitendawili. Mtu anasema, "Kitendawili!" Mnaitikia, "Tega!" Anatega. Mkishindwa, anasema, "Nipeni mji." Mnampa mji, anautembelea, anajigamba humo anavyotaka, kisha anawafungulia fumbo. Na jibu likitoka, watu hufanya nini? Huguna. "Aa, kumbe ni hilo tu!" Lakini hakuna anayedai mji urudishwe. Ulishindwa kabla ya kusikia, basi umeshindwa. Kuguna kwako hakukufanyi kuwa mjuzi. Na kinyume chake ni kweli vile vile: ukitutegea "nyumba yangu haina mlango", hata mtoto wa miaka minne atakujibu "yai" kabla hujafunga mdomo. Hapo hupati mji. Huwezi kutuuzia kitu kilicho mkononi mwetu.

Hataza, yaani ile hati ambayo serikali humpa mvumbuzi, ni mji wa namna hiyo. Mvumbuzi anatufungulia fumbo lake kwa maandishi, nasi tunampa mji akae humo peke yake, kwetu Kenya kwa miaka 20. Na sheria, kama baraza, inauliza: je, fumbo hili kweli lilitushinda? Au ni yai tu?

Wamarekani wameligombea swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1851 Mahakama ya Juu yao iliamua kesi ya vishikio vya milango. Watu walikuwa wametengeneza vishikio kwa udongo badala ya mbao au chuma, wakataka hati yao iheshimiwe. Mahakama ikasema udongo unajulikana, vishikio vinajulikana, na njia ya kuvifunga inajulikana. Kubadilisha kifaa tu ni kazi ya fundi hodari, si ya mvumbuzi. Mwaka 1952 Bunge lao likaliandika jambo hilo katika sheria: kitu hakipewi hataza ikiwa, wakati kilipovumbuliwa, kingekuwa dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo. Mwaka 1966, katika kesi ya jembe la plau, mahakama ikaeleza namna ya kupima. Nini kilijulikana kabla? Tofauti ni ipi? Fundi wa kawaida wa kazi ile anajua kiasi gani? Ikakubali pia mashahidi wa pembeni: je, watu walikuwa na haja ya kitu hicho kwa muda mrefu? Je, wengine walijaribu wakashindwa? Na mwaka 2007, katika kesi ya pedali ya gari, ikakaza kamba. Ukiunganisha vitu vinavyojulikana kwa njia inayojulikana, vikafanya kile ambacho kila mtu angetazamia, usitarajie mji. Maana fundi wa kawaida naye si mashine, ana akili yake ya kuunganisha mambo.

Huyu fundi wa kawaida amenipendeza sana. Hayupo duniani. Ni mtu wa kubuni, kama wahusika wetu wa riwaya. Sheria imemuumba akiwa anajua yote yaliyojulikana katika kazi yake, lakini hana kipaji chochote. Kila kesi ni kumuuliza yeye: "Wewe ungefika hapa?"

Sasa mpeleke kwenye ngozi ya soseji. Mkaguzi wa hataza huchukua karatasi ya kwanza inayosema ngozi za soseji zinaweza kutiwa rangi. Anachukua ya pili inayosema mzingefuri ni rangi ya chakula. Anazilaza pamoja mezani na kusema: fundi wa kawaida angeziunganisha, kuna uvumbuzi gani hapa? Mwombaji anajibu: tazama ugumu wenyewe. Rangi za asili si watiifu kama za kiwandani. Manjano hupauka kwa mwanga. Kiazisukari chekundu hufifia kwa moto. Nyingine hutoka kwenye ngozi zikaingia katika nyama au katika maji ya kuchemshia. Karatasi zako mbili zinasema "jaribu", hazisemi "itashika". Na kati ya "jaribu" na "itashika" kuna wiki tatu za sufuria zilizoharibika.

Nani mkweli? Mara nyingine mkaguzi, mara nyingine mwombaji. Lakini hebu tazama hatari iliyomo katika zile karatasi mbili. Nani alizichagua katika maelfu ya karatasi? Mtu ambaye tayari ameshaliona jibu. Ukijua mwisho wa njia, ni rahisi kurudi nyuma ukiokota mawe na kusema, "Si unaona, mawe yalikuwa yameshapangwa!" Wanasheria wenyewe wanaijua hatari hii na wanaonyana juu yake, hata katika ile kesi ya 2007. Huko ni kuhukumu kwa macho ya baadaye. Yule bwana wa kiwanda ndivyo alivyofanya. Kwa miaka aliyotengeneza soseji, magadi yalikuwa dukani na ndimu zilikuwa sokoni. Kwa nini hakuviunganisha? Mtoto aliyejua alikuwa wapi siku hizo?

Mpaka hapo utadhani nimejitia hatiani na kesi imekwisha. Haijakwisha. Kuna upande wa pili, na huo ndio ulioninyima usingizi.

Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza kwa Chuo Kikuu cha Mississippi juu ya matumizi ya manjano kuponya vidonda. Manjano haya haya ya pilau! Baraza la utafiti wa sayansi la India likapinga. Liliwasilisha ushahidi wa maandishi zaidi ya thelathini, mengine ya Kisanskriti, Kiurdu na Kihindi, kuonyesha kwamba huko watu wamepaka vidonda manjano tangu zamani. Mwaka 1997 hataza ikafutwa. Sote tukashangilia, na tulikuwa na haki.

Lakini soma tena: ushahidi wa maandishi. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, jambo lililojulikana na kutumika katika nchi ya kigeni halikuhesabiwa kuwa linajulikana mpaka liwe limechapishwa au limepewa hataza. Mamilioni ya mama wangeweza kusimama mlangoni na watoto wao waliopona, na wasingetosha. Ilitakiwa karatasi. Kipengele hicho kilibadilishwa kwa sheria iliyoanza kutumika Machi 2013. Sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2001 ni pana zaidi, inahesabu hata yale yaliyotolewa kwa mdomo au kwa matumizi, popote duniani. Ni sheria nzuri. Lakini niambie, mkaguzi akikaa ofisini Nairobi, atausikiaje mdomo wa bibi yangu aliyeko Kwale? Mei 2024 nchi zilikutana Geneva zikapitisha mkataba unaotaka mwombaji wa hataza aseme mmea wake umetoka wapi, na ujuzi wa jadi aliotegemea ni wa nani. Hiyo nayo ni hatua. Hata hivyo inamtaka mwombaji awe mtu wa kusema kweli.

Kwa hiyo kosa ni la pande mbili. Upande mmoja tunamdharau aliyehangaika, kwa kuwa sasa tunaliona jibu. Upande mwingine tunampa mji mtu aliyeokota tu kilichokuwa uani kwa wengine, kwa kuwa wengine hao hatukuwaita barazani. Wakati wa kutega, bibi hakuwapo. Wakati wa kuguna, sisi tukaguna kwa jina lake.

Ndivyo nilivyofanya mimi! Nilisema "hata bibi yangu alijua" bila kumuuliza bibi yangu anajua nini. Nilimtumia kama rungu la kumpigia rafiki.

Siku ya kumi na saba nilikwenda kwa Jamaa, nikamwomba twende Kwale. Hakujibu, lakini alivaa shati. Tulivuka feri kimya, tukapanda matatu kimya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mbona nyuso hizo, mumefiwa?"

Tukamweleza. Alisikiliza huku anasuka ukili, vidole vyake havikusimama hata mara moja. Nikamuuliza kama katika kupaka rangi miyaa yake aliwahi kutia ndimu baada ya magadi.

"Ndimu?" akasema. "Sijatia ndimu mimi. Ndimu ya nini kwenye mkeka, mwataka uwe samaki?"

Jamaa akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ile jioni ya barazani.

"Na magadi, bibi? Nani alikufundisha?"

"Mamangu. Na mamangu alifundishwa na mamake." Kisha akamtazama Jamaa. "Kwani wataka kumlipa?"

Hapo kicheko cha Jamaa kikakatika. Aliinama akaitazama mikeka. Akasema taratibu, "Bibi, magadi ni yenu. Mimi nilikuwa nikisema yote ni yangu."

Nami nikamwambia mbele ya bibi, "Na ndimu ni yako. Nilikosea."

Hiyo ndiyo hukumu tuliyoipata, na sijaona mahakama iliyotoa bora kuliko hiyo. Si "yote ni yake" wala si "hata mtoto angejua". Ni kukaa chini na kutenganisha: hiki tulikikuta, hiki umekileta wewe. Ilihitaji mambo mawili tu. La kwanza, kurudi kwa moyo safi mpaka mahali pa kabla ya jibu, na kuuliza kama kweli tungelifikia. La pili, kuhakikisha kwamba wote wanaohusika wameitwa kabla ya kusema fumbo limetushinda sote. Bibi mmoja akikosekana, baraza halijatimia.

Sikudanganyi kwamba mambo yamenyooka. Yule bwana wa kiwanda anaendelea na soseji zake nyekundu, na Jamaa hana hati wala fedha za wakili. Kilichobadilika ni kidogo. Jamaa sasa hununua mbegu kwa bibi, kwa bei anayoitaja bibi, bila kuipunguza hata shilingi. Mteja akiuliza rangi imetoka wapi, anamwambia: magadi ni ya bibi wa Kwale, ndimu ni yangu. Wengine hucheka. Wengine hununua mbili.

Na sisi tunaoandika je? Mwaka jana nilimpa mtu mzima mmoja hadithi yangu aisome. Akairudisha na kusema, "Nzuri, lakini hata mimi ningeweza kuiandika, haya mambo si tunayaona kila siku?" Iliniuma kama ilivyomuuma Jamaa. Nilitaka kumjibu: uliyaona kila siku, mbona hukuyaandika? Bado naamini jibu hilo ni la haki. Maneno yote yamo katika kamusi, kama ndimu zilivyo sokoni, na hakuna aliyewahi kuandika riwaya kwa kuonyesha kwamba maneno yapo.

Lakini tangu siku ile ya Kwale nimeisoma upya hadithi ile. Tusi analotukanwa mlevi katika ukurasa wa pili ni la mjomba wangu, neno kwa neno. Kisa cha mwanamke anayezika viatu vya mumewe alinisimulia shangazi, naye analia. Niliweka jina langu juu, kubwa, nikaona imetosha. Sikumwambia shangazi hata kwamba nimeandika.

Juzi nimekwenda kumsomea. Alinyamaza mpaka mwisho. Kisha akasema mahali pale pa viatu nimekosea, havikuwa vya ngozi, vilikuwa vya mpira, na hilo ndilo lililomfanya alie, kwamba maisha yake yote mume yule hakuwahi kununua viatu vya ngozi. Nimesahihisha. Hadithi imekuwa bora, na sehemu hiyo iliyo bora si yangu.

Basi, mwenzangu unayeota kuandika, siku utakapoambiwa "hata mimi ningeweza", usikasirike upesi na usinyamaze upesi. Rudi ukahesabu. Ndimu yako ikoje? Na magadi uliyapata kwa nani, na je, mwenyewe anajua?